Mdomo Uliokataa Kufunga

Mimi mfupa wa ng'ombe nauvunja kwa meno mpaka leo. Nasema mapema ili mtu asidhani huyu bibi anaongelea meno ya watu kwa wivu. Yangu yamo, yamejipanga kama mahindi kwenye gunzi, na haya ya mbele ya juu yamechongwa ncha, maana wakati wetu huku Butiama msichana alikuwa haitwi mrembo mpaka achongwe. Nilikalishwa juu ya jiwe, mama mdogo akanibana kichwa katikati ya mapaja yake, mzee akaja na kipatasi na nyundo ndogo, tak, tak, tak, vipande vinarukia kifuani. Sikulia. Aliyelia alichekwa mpaka siku ya kuolewa kwake. Watoto wa shule siku hizi wakiniona nacheka wanakimbia, halafu wanarudi polepole kuangalia tena.

Mjukuu wangu hakukimbia. Tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, nikimgeuza kumweka mapajani, kidole chake kilikuwa kinakuja moja kwa moja mdomoni kwangu kugusa zile ncha. Nilikuwa namwambia, "Taratibu, mke mwenzangu, utajikata," naye anacheka mpaka mate yanamtiririka. Alikuwa anachekaga huyo mtoto. Nataka hilo likumbukwe.

Ni mtoto wa kwanza wa kitinda mimba wangu. Huyu mwanangu anakaa Nyasura, pale Bunda, fundi wa pikipiki, mikono haiishi grisi. Mke wake anauza chai na chapati. Mimi nakaa kwangu Butiama na kuku wangu na mihogo yangu, na kila nikipata upenyo nilikuwa naenda kuwaona.

Mtoto alipokuwa ameanza kusema maneno yakaeleweka, nikaenda, nikamkuta amelala mchana kwenye mkeka baada ya kula. Anakoroma. Sio kule kukoroma kwa mtoto mwenye mafua. Huyu alikuwa anakoroma kama mzee aliyerudi kilabuni. Anavuta, anakatika, kimya, mpaka wewe unayemwangalia unasahau kupumua, halafu anashtuka na kuvuta tena kama mtu aliyezamishwa ziwani akaibuka. Mdomo wazi. Midomo imepasuka kama tope la kiangazi, na ulimi mkavu, ukiugusa kama ngozi ya mjusi.

"Huyu mtoto anaumwa," nikasema.

Mwanangu akacheka. "Mama, karithi kwa marehemu mzee. Si ulikuwa unasema baba alikuwa anatetemesha mabati?"

"Baba yako alianza kukoroma akiwa na mvi. Huyu hata meno ya nyuma hajamaliza kuota."

"Atakua, ataacha."

Hilo neno, atakua ataacha, nimelisikia kwenye nyumba ile mpaka nikalichukia. Mtoto kula alikuwa anapata shida. Nyama anaitafuna, anaitafuna, anaihamisha shavu la huku na huku, mwisho anaitoa na kuiweka pembeni ya sahani imekuwa nyeupe kama pamba. Ugali tonge dogo linamkaba. Kwa hiyo mama yake alikuwa anamlowekea chapati kwenye chai ya sukari, inateremka yenyewe. Asubuhi chai, mchana chai, kabla ya kulala chai. Mimi mwenyewe niliona mtoto anashiba, nikashukuru. Ila asubuhi akija kukusalimia, shikamoo yake inatanguliwa na harufu. Harufu kama maji yaliyooshewa dagaa yakasahaulika kwenye beseni. Mtoto mdogo vile.

Majirani wakasema ni kimeo. Kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo kama ulimi wa kengele, kwamba kimerefuka, ndicho kinachomkaba na kumkohoza, na dawa yake ni kukikata. Kwetu huku kila kikohozi kisichopona ni kimeo. Hospitali wanakataza, watu wanaitikia ndiyo ndiyo, wakitoka pale wanaulizana fundi anapatikana wapi.

Mimi sikuulizwa. Nilipigiwa simu mambo yameisha.

"Mama, ile shida tumeimaliza," mwanangu akasema, sauti ya mtu aliyefanya kazi nzuri.

"Shida ipi?"

"Ya mtoto. Fundi wa kimeo alikuja hapa hapa nyumbani. Dakika tu."

Kesho yake nilikuwa Nyasura. Nilimkuta amekaa kwenye kona ya kitanda, magoti yamegusa kidevu, damu imekauka kahawia pembeni ya mdomo. Nikamfungulia mikono, hakuja. Mama yake akanieleza, analia huku anakanda unga, kwamba fundi alikuja na kijiko cha kukandamizia ulimi na kisu kimepinda kama mundu wa kuvunia mtama, kidogo. Baba akashika miguu, jirani akashika kichwa. Mtoto alikuwa haelewi, akafungua mdomo mwenyewe kwa adabu kama alivyoambiwa. Mara moja tu. Hakurudia tena kufungua kwa mtu.

Nilimngoja mwanangu arudi kazini. Aliponiona nimekaa mlangoni na kanga nimeifunga kiunoni, akajua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umemchinja mwanao, umemaliza?"

"Mama, usianze. Na wewe ulichongwa meno kwa patasi, ulikufa?"

"Mimi nilichongwa nina akili zangu. Nilijua nini kinakuja, nikatembea kwa miguu yangu mpaka kwenye jiwe. Huyu mmemdanganya afungue mdomo kama anapewa pipi."

Alienda kunawa grisi, akanawa muda mrefu kuliko grisi yenyewe.

Na kukoroma? Kulibaki palepale. Maana fundi alikata kisichokuwa na kosa. Wenye kosa walikuwa wawili, mafindofindo, wale wanaowaita tonsesi, mmoja kulia mmoja kushoto, wamevimba wameziba njia. Wezi wamesimama mlangoni, sisi tukamkata mlinzi. Tena sauti ya mtoto ikahamia puani. Akisema "bibi" inatoka kama mtu anayeongea ndani ya mtungi.

Tangu hapo tukawa na mtoto wa ajabu. Siku nzima mdomo wazi, hata nzi anaingia na kutoka. Lakini akiona mtu ameshika kijiko, kijiti, kitu chochote cha kuelekea kinywani, ule mdomo unafunga kama komeo la zizi. Akipata homa, shingo imevimba, tunampeleka zahanati, mganga anasema fungua nione koo, hapo hapo vita. Alishavunja kile kijiti chao kwa meno. Alishamng'ata nesi. Basi wanaangalia joto, wanagusa shingo, wanaandika dawa ya maji tamu, tunarudi nyumbani. Mwezi mwingine tena. Hakuna aliyeona ndani.

Mswaki nao ulikuwa ni kijiti tu kwake. Alikubali kupaka ya mbele juu juu, ya nyuma hapana. Ukilazimisha anatapika. Meno ya utoto yakaanza kuwa na mistari myeupe karibu na ufizi, mistari ikawa kahawia, kahawia ikawa shimo. Nikamwambia mkwe wangu, "Mama, haya meno yanaoza."

"Ni ya utoto hayo, mama. Yatang'oka, yataota mazuri."

Alisema kwa heshima, na kila mtu pale mtaani angesema hivyo hivyo. Yakang'oka kweli, mengine kwa usaha. Yakaota mengine. Yakaja yanasukumana kama mbuzi kwenye mlango mmoja, ya juu yametoka mbele, yameegemea nje, mdomo wa juu ukawa mfupi hauyafikii. Hata akijitahidi kufunga, kidevu kinajikunja kama ganda la karanga, na midomo haikutani. Uso wake ukarefuka. Chini ya macho weusi kama mtu asiyelala, maana kweli alikuwa halali.

Shuleni wakamwita Kamongo. Mtu asiyekaa huku nimweleze: kamongo ni samaki wetu wa ziwani, mrefu kama nyoka, ana pumzi ya hewa. Anapanda juu ya maji, anapanua mdomo, anavuta, anashuka. Mwalimu alikuwa anamwita asome kwa sauti, wenzake wa nyuma wanaanza kupanua midomo na kuvuta hewa, ahh, ahh. Akaacha kunyoosha mkono darasani. Kwaya ya watoto kanisani akaacha. Kucheka akaacha kabla ya vyote, au akicheka anaziba kwa kiganja, macho tu ndiyo unayaona yanacheka.

Nikamchukua. Nilimwambia baba yake, "Huyu anakuja kukaa na mimi Butiama," na baba yake akasema, "Sawa mama," harakaharaka, kama mtu aliyekuwa anangoja aambiwe.

Kwangu asubuhi huwa nakaa barazani natafuna mswaki wangu wa mti. Siku moja akaja akakaa pembeni yangu, ameziba mdomo kwa kiganja kama kawaida yake.

"Bibi, wakati wanakuchonga, uliogopa?"

"Nilijikojolea kidogo. Jiwe lilikuwa jeusi, hawakuona."

Mabega yakamtikisika. Anacheka.

"Ngoja niguse."

Nikafungua. Kidole kikaja, kikagusa ncha moja, kikaenda ya pili, taratibu, kama alivyokuwa anafanya akiwa wa kubebwa. Sasa kidole kilikuwa kirefu.

"Na mimi nikuone wewe?" nikamwuliza.

Kiganja kikarudi mdomoni. Akafikiri sana. Kuku wakapita, wakarudi.

"Usishike kijiko."

"Sina kijiko."

"Onyesha mkono. Na mwingine. Kaa juu yake."

Nikakalia mikono yangu yote miwili kama mtoto wa chekechea. Akageukia jua, akafungua.

Nimeona vitu maishani. Nimezalisha ng'ombe mwenye ndama aliyekufa tumboni. Lakini pale nilitaka kuangalia pembeni. Nyuma kulikuwa na manundu mawili mekundu, makubwa, yamekaribiana mpaka yanataka kugusana, na kwenye vishimo vyake kumekwama vitu vyeupe kama punje za ugali wa jana. Hapo ndipo harufu ilipokuwa inatoka. Kimeo hakuna, kovu tu. Paa la kinywa limepanda juu jembamba kama mtumbwi uliogeuzwa. Ufizi umevimba mwekundu, na yale meno ya mbele, mapya, ya ukubwani, ya kuishi nayo mpaka kufa, yalikuwa na ule mstari mweupe. Moja lilishakuwa kahawia.

"Kukoje?" akauliza.

"Pazuri," nikasema.

Nikampeleka Musoma. Tulikaa kwa mdogo wangu Buhare, ili tuwahi hospitali asubuhi. Njia nzima nilimwahidi kwamba nitakalia mikono ya daktari. Daktari wa koo alikuwa msichana, angeweza kuwa mjukuu wangu na yeye. Nikamweleza habari ya kijiko. Hakunicheka. Alijishikia tochi tu, mkono mwingine akauweka mgongoni, akasema, "Fungua unavyotaka mwenyewe. Ukichoka funga." Mimi nikafungua wa kwangu nimsindikize. Tukakaa pale bibi na mjukuu tumepanua midomo kama vifaranga, daktari anachungulia.

Alipomaliza akanieleza kwa lugha ya nyumbani. Kwamba pua ndiyo mlango wa hewa, mdomo ni mlango wa chakula. Tonsesi zikiwa kubwa hivi, mtoto anahamia mdomoni. Hewa ikipita mdomoni mchana na usiku, mate yanakauka, na mate ndiyo maji ya kuoshea meno. Meno ya mbele juu ndiyo yanayopigwa na upepo zaidi, kwa hiyo ndiyo yanayooza na ufizi wake ndio unaovimba. Na ulimi, badala ya kukaa juu kwenye paa la kinywa na kulipanua, unalala chini, basi taya la juu linakuwa jembamba, meno yanakosa nafasi, yanatoka nje.

"Kumbe meno na koo ni ugonjwa mmoja," nikasema.

"Kwa huyu, ndiyo bibi. Angetolewa tonsesi mapema ingesaidia sana."

"Mapema ni lini?"

"Ile miaka ya meno ya utoto."

Nilikuwa nawaza ile kona ya kitanda kule Nyasura.

Mtoto akaondoa kiganja. "Nikitolewa, mdomo utafunga?"

Daktari akavua glovu moja, akaikunja, akaikunja tena. "Utalala vizuri. Homa za koo zitapungua. Na harufu itapungua."

"Sijakuuliza kulala," mtoto akasema.

Nilitaka kumpiga kofi la adabu, na nilitaka kumkumbatia. Daktari akasema, "Tutajaribu kwanza hili."

Tulingoja zamu ya upasuaji. Siku ilipofika, baba yake akaja kutoka Bunda, amevaa shati la kanisani. Tulikaa kwenye benchi, yeye anaangalia mikono yake. Akasema, "Mama, ningejua." Nikamwambia, "Nyamaza, baba," maana watu walikuwa wanatusikia. Mtoto akatoka salama. Akapewa vitu vya baridi ale, akala barafu mpaka midomo ikawa ya bluu. Koo lilimwuma kwa siku nyingi, kisha likapoa.

Nitasema haki: kukoroma kuliisha. Mchana wa kwanza pale Buhare amelala kitini kwa mdogo wangu, kimya, niliogopa. Nikasogeza kiganja puani kwake. Hewa inatoka. Puani! Nikamwita mdogo wangu aje ahisi na yeye, tukasimama pale wazee wawili tunasukumana viganja kwenye pua ya mtoto kama tunaota moto.

Lakini mdomo ulikuwa wazi. Njia ya pua ipo, hewa inapita, na mdomo wazi vilevile, meno yametangulia mbele, midomo imekauka kwa nje kama zamani.

"Ni mazoea," mdogo wangu akasema. "Mpe siku."

Kabla ya kurudi Butiama tukashuka Mwigobero kutafuta dagaa. Palikuwa pamechangamka, mitumbwi imeingia, akina mama wanagombania mizani. Tukapita kwenye meza moja, na juu ya meza amelazwa kamongo, mrefu, bado mzima, anapanua mdomo na kufunga, anapanua. Muuzaji akapiga kelele, "Bibi chukua huyu! Huyu hata ukimwacha mchana kutwa hafi, anapumua kama mtu!" Watu wakacheka, hawakuwa na neno baya, ni biashara tu. Mjukuu wangu alikuwa amesimama anamwangalia yule samaki. Akaziba mdomo kwa kiganja.

"Bibi, tupite," akasema.

Hatukununua hata dagaa.

Nyumbani nikampa siku kama mdogo wangu alivyosema. Nikampa miezi. Nilikuwa namkumbusha, "Funga mdomo, mama," naye anafunga, kidevu kinajikunja, anakaza mpaka shingo inasimama mishipa, akijisahau tu umefunguka. Nikajaribu akili za kwetu. Nikachana kanga ya zamani, nikamfunga kitambaa kutoka chini ya kidevu mpaka utosini ili taya lisianguke akijilaza mchana. Akakubali vizuri, akalala chali, mikono tumboni. Nikarudi nyuma hatua moja kumwangalia. Ndipo nikakumbuka ni nani mwingine tunayemfungaga taya kwa kitambaa namna ile. Mume wangu nilimfunga hivyo hivyo kwa mikono hii. Nilikifungua kile kitambaa nikakitupa jikoni kwenye moto, mtoto anauliza, "Bibi, vipi tena?" nikamwambia kimechafuka.

Chai ya sukari nikaikata. Akapiga mswaki mpaka nyuma, sasa alikuwa haogopi. Asubuhi na jioni, anasugua mpaka ufizi unatoka damu, namwambia taratibu. Alifanya kila alichoambiwa. Mtu asiseme hakufanya. Ila lile jino la kahawia likawa jeusi, na jirani yake likafuata, na upande wa pili pia. Yameoza kwa nyuma ambako mtu haoni, na pale chini kwenye ufizi. Alipoingia kidato cha kwanza, sketi mpya, sweta jipya, mdomo wa juu ukavimba mpaka pua ikapinda. Usaha.

Tukarudi Musoma, safari hii kwa daktari wa meno, mwanaume mtu mzima, mpole. Akagonga moja moja kwa chuma, akapiga picha. Akatuita tuangalie kwenye taa. Mimi sikuona kitu zaidi ya vivuli, lakini niliona uso wake.

"Manne haya ya mbele hayafai," akasema. "Mizizi imeshaharibika."

"Na waya?" nikauliza. Nilishasikia kuna watu wanafungwa waya, meno yanarudi ndani. "Si kuna waya, hata kama ni Mwanza, hata kama ni Dar?"

"Waya unafungwa kwenye jino zima, bibi. Na taya lake limeshakaa hivyo. Hata tungekuwa na waya hapa mezani, hakuna pa kuufunga."

Hapo mjukuu wangu akanivuta kanga. Akanisemesha sikioni, kwa ile sauti yake ya mtungini, lakini daktari alisikia.

"Bibi, mwambie ayachonge. Kama yako. Ayachonge yafupike, mdomo utayafikia."

Mimi na miaka yangu, na meno yangu ninayoringia, nikageuka nikamwuliza yule daktari kweli. Nikafungua mdomo nikamwonyesha. "Yangu yalichongwa kwa patasi tu, na yapo. Haya huwezi kuyachonga ukamwachia?"

Hakucheka. Aliinama akayaangalia yangu vizuri, kama fundi anavyoangalia kazi ya fundi mwingine. Akasema, "Yako yalichongwa yakiwa mazima, bibi. Haya yamekufa. Ukiyagusa na patasi yanamwagika kama chaki."

Mtoto akamsikia. Akapanda kitini mwenyewe. Akafungua mdomo kabla hajaambiwa, akaufungua wote, akafumba macho. Yule aliyekuwa anavunja vijiti na kung'ata manesi. Mimi nilishika miguu yake, sio kwa kuibana, niliishika tu. Jino lililokufa halitoki kirahisi kama watu wanavyodhani. Linavunjika, wanafuata kipande. Nilisikia kila kipande kikianguka kwenye kile kibakuli cha chuma.

Daktari akasema meno ya kuvaa yapo, ila angoje amalize kukua, ndipo waone. Tukarudi Butiama, yeye na pamba mdomoni.

Uvimbe ulishuka taratibu. Nilikuwa nampikia uji, halafu viazi vya kuponda. Siku moja nilikuwa nje nachambua mboga, yeye yuko ndani na kile kipande cha kioo ninachojitazamia kabla ya kwenda kanisani.

"Bibi!"

"Nini?"

"Bibi, njoo uone!"

Nikaacha sinia, nikaenda. Alikuwa amesimama dirishani penye mwanga. Mikono ameishusha chini, haikuziba kitu. Midomo yake ilikuwa imekutana, wa juu umelala juu ya wa chini, imetulia, kidevu hakijajikunja. Nilikuwa sijauona uso wake namna hiyo tangu ananyonya. Mzuri. Na katikati pameingia ndani kidogo, kama midomo ya wazee wenzangu waliobaki na ufizi. Anavuta hewa kwa pua, anaitoa, naisikia. Macho yananingoja.

Akafungua kidogo tu, kiasi cha kupitisha neno. "Unafunga," akasema. Akaufunga tena.

"Nimeona," nikasema.

Jioni baba yake alikuja na nyama. Nikaikata ya mtoto vipande vidogo vidogo, nikaichemsha mpaka ikaachana yenyewe. Baba yake alisimulia habari za mteja aliyeleta pikipiki imejaa panya kwenye kiti, ilichekesha kweli, na mimi nikacheka. Nikamwona mjukuu wangu ananiangalia mdomoni, pale penye ncha. Nikajikuta nimeinua kiganja, nimeziba.